Mwanachuo Aliyerudi Kijijini na Kamera

Elimu humhamisha mtu kwao. Mtoto wa mkulima aingiapo darasani huanza safari ambayo mwisho wake hauonekani. Hujifunza kusoma, na kusoma humpeleka mjini. Hujifunza lugha ya mbali, na lugha ile humvusha bahari. Hupata shahada, na shahada humweka katika chumba ambacho mzazi wake hawezi kuingia bila ya kubisha hodi mara tatu. Akitaka kueleza habari za kijiji chake, huziandika katika kitabu ambacho kijiji hakiwezi kukisoma. Hivyo yule aliyetumwa kisimani kuchota maji huonekana kama kwamba ameyanywa yote njiani. Katika wanachuo wa Afrika wa karne iliyopita ni wachache waliorudi nyumbani na mtungi uliojaa, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa Senegal, Safi Faye, aliyekuwa mwalimu wa watoto, kisha mwanafunzi wa watu wazima, kisha mtengenezaji wa filamu za maisha ya kweli. Njia yake ilikuwa na kona nyingi, na kila kona ina somo kwa mwanafunzi wa leo.

Alizaliwa Dakar mwaka 1943, katika jamaa ya Waserer ambao asili yao ni kijiji cha Fad'jal, kusini ya mji ule. Kwa sikio la Mswahili jina lake lina maana njema, na yamkini msomaji ataona kuwa mwenye jina hakulitia doa. Alipokuwa binti wa miaka 16 nchi yake ilipata uhuru, mwaka 1960. Taifa changa lilihitaji walimu kama shamba jipya lihitajivyo mvua, naye alisomea ualimu katika chuo cha Rufisque, akafundisha watoto wa Dakar kwa miaka kadha. Kazi ile ilikuwa na heshima na mshahara wake. Mwalimu wa kike, katika miaka ile, alikuwa mtu wa kutazamwa na mtaa mzima. Kama angalibakia pale angalistaafu kwa amani, na wanafunzi wake wangalimwamkia njiani hadi uzee wake. Lakini moyo wa mtu una saa yake, na saa hiyo ikigonga haisikilizi cheo wala pensheni.

Saa yake iligonga mwaka 1966, wakati Dakar ilipokuwa mwenyeji wa Tamasha la kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi. Wasanii na wataalamu walikuja kutoka pande zote za Afrika, Marekani, visiwa vya Karibi na Ulaya. Katika shughuli zile mwalimu huyu kijana alikutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa mhandisi kabla ya kuwa mtaalamu wa mila za watu, na ambaye tangu miaka ya 1940 alikuwa akipiga filamu katika nchi ya Niger na jirani zake. Rouch alikuwa na desturi ambayo wataalamu wengi wa zama zake hawakuwa nayo. Alitembea na kamera nyepesi begani, watu wachache ubavuni, na alipomaliza filamu aliirudisha kwa wale aliowapiga, akaketi nao kuitazama na kusikiliza makosa yake. Alimtia Safi Faye katika filamu yake iitwayo Petit à petit, ambayo ndani yake vijana wa Niger huenda Paris kuchungua mila za Wafaransa, wakiwapima vichwa vyao njiani kama Wafaransa walivyozoea kuwapima watu wa nchi nyingine. Ilikuwa ni mzaha wenye miiba.

Walakini si kila mtu alifurahishwa na Rouch. Mwaka 1965 Ousmane Sembène, Msenegali aliyepata kuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi na bingwa wa senema, alimkabili uso kwa uso akamlaumu kwamba yeye na wenziwe huwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Shutuma hii ni nzito, na mwanafunzi yeyote wa elimu ya jamii hana budi kuibeba kwa muda na kuupima uzito wake. Mdudu hutazamwa kwa makini sana. Huhesabiwa miguu, hupewa jina la Kilatini, huchorwa vizuri kitabuni. Jambo moja tu hafanyiwi: haulizwi. Sembène hakulalamika kwamba Mwafrika hatazamwi, bali kwamba hutazamwa bila ya kuulizwa anaonaje.

Basi Safi Faye aliianza safari yake baina ya walimu wawili waliokhitilafiana. Mmoja alimwonyesha kwamba kamera yaweza kuwa kalamu ya mchunguzi. Wa pili, kwa lawama yake, alimfanya kila mwenye kamera ajiulize ni mkono wa nani unaoishika. Mwanafunzi mvivu angalichagua upande mmoja akauchukia wa pili. Yeye alitwaa chombo kutoka kwa wa kwanza na swali kutoka kwa wa pili, akavuka bahari na vyote viwili.

Mjini Paris alisoma elimu ya mila na desturi za watu, na pamoja nayo alijifunza ufundi wa senema katika chuo cha Louis Lumière. Maisha ya mwanafunzi katika nchi ya baridi hayana siri kubwa: chumba kidogo, koti zito, na hesabu ya fedha ambayo kila mwisho wa mwezi hukataa kulingana. Ili apate riziki alifanya kazi ya kuvaa nguo za maonyesho, akaigiza, na akafanya kazi ya kutia milio katika filamu za watu wengine. Kazi hizi zaweza kuonekana kama za kupoteza wakati kwa mtu atafutaye shahada, lakini hakuna kilichopotea. Aliyesimama mbele ya kamera hujua fedheha ya kukodolewa macho, na aliyetia milio hujua kwamba hata ukimya katika filamu huchaguliwa na mtu. Mwaka 1972 alitoa filamu yake ya kwanza, fupi, iitwayo La Passante, yaani mpita njia. Mwenyewe ndiye aliyekuwa mpita njia yule: mwanamke wa Kiafrika katika mitaa ya Paris, ambaye wanaume wa Kifaransa na wa Kiafrika humtazama kila mmoja kwa ndoto zake. Mwanafunzi alianza kwa kuueleza utazamaji wenyewe, kama fundi seremala ambaye kabla ya kukata mbao hujaribu makali ya msumeno juu ya ukucha wake.

Hapa inafaa kutua kidogo na kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa, maana vijana wa leo waliozoea kupiga picha kwa simu huenda wasiamini. Katika miaka ile watengenezaji wengi wa filamu za maisha ya kweli walitumia mkanda wenye upana wa milimita 16. Mkanda mmoja wa futi 400 ulikwisha kwa muda wa dakika 11 hivi. Ulinunuliwa kwa fedha taslimu, ukahifadhiwa usipatwe na joto wala mwanga, na ukiisha kupigwa ulipelekwa mahali pa kusafishia, ambapo aghalabu palikuwa ng'ambo. Mpigaji hakuweza kuona alichokipata mpaka siku nyingi zipite. Kila dakika ilikuwa na bei yake. Kwa hiyo aliyetaka kumsikiliza mzee wa kijijini azungumze kwa mwendo wake wa kizee, na vituo vyake, na kikohozi chake, alikuwa akichoma fedha kila mzee alipovuta pumzi. Ni vyepesi kusema kwamba watu wasikilizwe. Ilikuwa ghali kuwasikiliza.

Safi Faye alikubali kuilipa gharama hiyo. Fedha, kiasi cha dola 20,000 hivi, zilipatikana kwa msaada wa Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, na kwa senema ya urefu kamili zilikuwa ni kidogo sana. Alirudi Fad'jal na watu wachache wa kumsaidia, watatu tu kwa idadi, akapiga Kaddu Beykat, maana yake sauti ya mkulima, iliyotoka mwaka 1975. Wataalamu wa senema huitaja kuwa filamu ya kwanza ndefu ya mwanamke wa Afrika kusini ya Sahara iliyopata kuuzwa katika majumba ya senema.

Filamu ile ni barua. Hufunguliwa kwa salamu, kama barua yoyote ya mtu aliye mbali kwa mpenzi wake, na kufungwa kwa kuaga. Na mwandishi wake hakuficha kwamba barua ni yake lakini yaliyomo ni ya wazee wake wakulima. Kisa chake ni chepesi. Kijana Ngor ataka kumwoa Coumba, lakini mavuno ya karanga yameharibika na mahari hayapatikani. Huenda Dakar kutafuta kazi, hupata vibarua vya udhalili, hupunjwa, na hatimaye hurudi kijijini kuwasimulia wenziwe alivyouona mji. Wanaocheza ni watu wa kijiji wenyewe, na kisa cha mapenzi ni uzi tu wa kutungia shanga. Shanga zenyewe ni mazungumzo ya wanaume chini ya mti: kwamba karanga ililetwa na watawala wa Kifaransa kuwa zao la kuuza, kwamba baada ya uhuru serikali iliendelea kuitaka karanga ile ile, kwamba ardhi imechoka, kwamba mkulima hudaiwa mbegu na mbolea, na kwamba bei hupangwa na watu asiowajua. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ataielewa lugha hii bila ya mkalimani. Karanga ina historia yake Kongwa pia, ambako serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kilimo mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951; na hakuna mkulima wa pamba, korosho au karafuu asiyejua maana ya bei ipangwayo mbali.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu angaliweza kuandika kurasa 300 juu ya hasara za zao moja, na kurasa zile zingalikuwa sahihi. Lakini mkulima asemapo mwenyewe, ushahidi hubadilika. Huacha kuwa hoja huwa malalamiko, na malalamiko yana mlalamikaji, na mlalamikaji ana uso. Hii ndiyo tofauti aliyoiona mwanachuo yule. Na bila ya shaka serikali nayo iliiona, kwa kuwa filamu ilipotoka ilipigwa marufuku Senegal. Huko Ufaransa ilipewa Tuzo ya Georges Sadoul mwaka 1975, na mwaka 1976 katika tamasha la senema la Berlin ilipata tuzo ya chama cha kimataifa cha wahakiki wa senema. Mithali yetu husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao akatunzwa ugenini, na kwao akafungiwa mlango.

Kuna jambo moja katika historia ya filamu hii ambalo lina uzito kuliko tuzo zote. Babu yake Safi Faye yumo katika picha zile, na filamu imetabarukiwa kwake. Siku 11 baada ya kazi ya kupiga kwisha, mzee yule alifariki. Na tufikiri kama mjukuu angalichelewa: kama angalisubiri kwanza amalize shahada, kama angalisubiri fedha ziongezeke, kama angaliona kwamba kijiji hakihami na kwa hiyo chaweza kungoja. Kijiji kweli hakihami, lakini wazee wake huhama, nao hawatoi notisi. Wanafunzi wangapi wamepanga kuwahoji nyanya zao baada ya mtihani, na mtihani ulipokwisha wakarudi kukuta tanga? Siku 11 ni umbali mdogo sana baina ya kuwa na sauti na kutokuwa nayo.

Watu humwita mtengenezaji wa namna hii huru. Neno hili lafaa lichunguzwe, maana lina udanganyifu ndani yake. Mwenye filamu za namna hii ni huru na kampuni kubwa, lakini si huru na duka la mikanda. Ni huru kuchagua habari, lakini si huru na mwenye fedha. Filamu iliyolaumu kilimo kilichoanzishwa na Wafaransa ilipigwa kwa fedha za wizara ya Kifaransa. Adui wa kazi hii aweza kusema kwamba huo ni unafiki. Lakini aweza pia kuulizwa, ni hazina ipi ya nyumbani iliyokuwa tayari kulipia sauti ya mkulima mwaka 1975? Mwenye kiu hachagui kata. Uhuru wa msanii wapimwa kwa yale aliyoyasema baada ya kupokea fedha, na kwa kipimo hiki mwanamke huyu hakuwa na deni: hakumsifu aliyempa, na hakumwogopa aliyemnyima. Hata hivyo gharama ya uhuru wa namna hii ni kwamba kila filamu huanza upya kwa kubisha hodi. Hakuna cheo kinachopanda, hakuna kiti kinachongoja. Bingwa wa filamu tano huomba kama mwanafunzi aliyetoka chuoni jana.

Mwaka 1979 njia zake mbili zilikutana. Alipata udaktari wa elimu ya mila katika Chuo Kikuu cha Paris kwa uchunguzi juu ya dini ya Waserer, na mwaka ule ule alitoa filamu yake Fad'jal, iliyoonyeshwa katika tamasha la Cannes. Jina la kijiji, kwa tafsiri aliyopata kuitoa mwenyewe, ni kufika na kufanya kazi. Yaani afikaye pale hana budi kushika jembe. Katika filamu mzee huketi chini ya mti, watoto wakamzunguka, akawasimulia jinsi kijiji kilivyoanzishwa na mwanamke, nani alimzaa nani, na mipaka ilipita wapi. Sababu ya masimulizi yale haikuwa kujifurahisha. Sheria ya ardhi ya Senegal ya mwaka 1964 iliifanya sehemu kubwa ya ardhi kuwa mali ya taifa, na wakulima wasiokuwa na hati walijikuta wanalima juu ya shamba ambalo kwa kalamu halikuwa lao. Kwa watu wasioandika, simulizi ndiyo hati. Mzee alikuwa akisoma hati ya kijiji mbele ya mashahidi wadogo, na kamera ilikuwa karani. Msomaji akiziweka tasnifu na filamu pamoja juu ya mizani, ataona kwamba ya kwanza ililipa deni la mwanachuo kwa chuo, na ya pili ililipa deni lake kwa waliomlea.

Baadaye alifanya kazi mjini Berlin, na mwaka 1980 alipiga kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani filamu Man Sa Yay, maana yake mimi mama yako. Humo yumo mwanafunzi wa Kisenegali aliyeko Berlin ambaye hupokea barua za nyumbani. Na barua za nyumbani, kama ajuavyo kila aliyesoma ng'ambo, zina upendo mwingi na maombi mengi zaidi. Kisha akatoa Selbé, juu ya mwanamke wa kijijini mwenye watoto wanane ambaye mume wake amekwenda mjini kutafuta kazi. Kamera humfuata akilima, akichota, akipika, akifinyanga, akiuza, na kwa kadiri inavyomfuata mtazamaji huchoka kabla ya yeye kuchoka. Hakuna hotuba inayohitajika.

Kazi yake kubwa ya mwisho, Mossane, ilimfundisha ukali wa dunia ya biashara. Aliipiga mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini mgogoro juu ya haki za filamu uliishika kwa miaka mingi, na haikuonekana mpaka mwaka 1996, ilipokwenda Cannes. Mtu aliyeweza kumsikiliza mzee bila ya kuhesabu dakika alilazimika kuhesabu miaka mbele ya mahakimu na mawakili. Baada ya hapo hakutoa filamu nyingine. Vyuo vya senema hufundisha namna ya kushika kamera. Somo la kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi aghalabu hupatikana kwa hasara.

Mwaka 2018 Fad'jal ilionyeshwa tena Cannes katika nakala iliyotengenezwa upya, miaka 39 baada ya mara ya kwanza. Mwenyewe alifariki Paris mwezi wa Februari mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 79. Hesabu ya filamu zake si kubwa. Walio wepesi wa kuhesabu watasema kwamba maisha ya miaka 79 yangaliweza kuzaa zaidi, na watakuwa wamesema kweli bila ya kuuliza ni nani aliyezuia mazao.

Leo kamera imo mfukoni mwa kila mwanafunzi, na dakika 11 hazina bei. Marufuku ya mkanda imekwisha, joto halimharibii mtu kazi, na mzee aweza kukohoa apendavyo. Yale yaliyokuwa magumu kwa Safi Faye yamekuwa mepesi, isipokuwa moja: kurudi, kuketi chini ya mti, na kunyamaza mpaka mwenye habari aanze kusema. Hilo halikupungua bei. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini mithali haikusema marejeo yatakuwa lini, na yeye aliyerudi mapema alimkuta babu yake yu hai kwa siku chache tu.